Umejeruhiwa? Fidia inaanzia kwenye PF3

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Masasi. Ndugu yangu, ukikatwa panga kwa ugomvi wa shamba la mikorosho, ripoti polisi, chukua RB (namba ya taarifa yako kituoni) na PF3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha), daktari aandike kila jeraha, hata la kidole. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza. Tunza risiti za dawa, tiketi za basi la kwenda hospitali ya Ligula, Mtwara, na majina ya vibarua uliowalipa wakuokotee korosho ukiwa kitandani.

Mahakama ikimtia mtu hatiani, inaweza kumwamuru akulipe fidia. Wengi hawaombi, na inaniuma! Mwambie mwendesha mashtaka kabla ya hukumu, mpe nakala za risiti. Isipotosha, fungua shauri la madai. Kwa asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa msaada bure.