Programu ya Ofisi Isipofunguka Baada ya Umeme Kurudi: Namna ya Kuikagua Seva ya Linux

Msimu wa mvua hapa Mbeya, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, huja na radi na umeme wa kukatikakatika, na huwapa kazi wote wanaotunza seva ndogo za ofisi. Maelezo haya yanahusu seva ya Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, ambayo imewaka vizuri umeme uliporudi, lakini programu iliyomo haifunguki kwa watumiaji.

Kwanza, usiizime na kuiwasha tena. Katika seva ambayo haijapangwa kuhifadhi kumbukumbu za mfumo (log, yaani maandishi ya matukio yake) kwenye diski, kuiwasha upya hufuta maelezo yaleyale unayoyahitaji. Andika systemctl --failed ili uone huduma zilizoshindwa kuanza. Ukiikuta mariadb, ambayo ni hifadhidata, kwa mfano, isome kwa amri ya journalctl -u mariadb -b, wala usiridhike na mstari wa mwisho, kwa sababu mara nyingi mstari huo hutangaza kifo tu, ilhali chanzo chake kimeandikwa mistari kadhaa juu yake.

Kisha kagua nafasi ya diski kwa df -h. Ukiona 100%, usishangae kwamba wewe uliyeingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa seva, bado unaweza kuandika mafaili: mfumo wa mafaili wa ext4 kwa kawaida humtengea root asilimia 5 ya nafasi, hivyo hifadhidata hukwama mapema kuliko wewe. Tumia du -xh --max-depth=1 /var kutafuta saraka iliyovimba. Iwapo df -h inaonyesha nafasi tele na bado mfumo unalalamika kwamba diski imejaa, jaribu df -i, kwani huenda vijifaili vidogo vidogo vimemaliza idadi ya mafaili ambayo diski inaruhusu.

Hapa niliwahi kuaibika. Katika seva ya ofisi moja nilifuta faili kubwa la kumbukumbu, nikarudia df -h, na asilimia haikushuka hata moja. Programu iliyokuwa ikiandika humo ilikuwa bado imelishikilia, na faili la namna hiyo haliachii nafasi hadi programu ilifunge. Amri ya lsof +L1 huyaorodhesha mafaili kama hayo pamoja na programu zinazoyashikilia. Ukiiwasha upya huduma husika peke yake, nafasi hurudi. Tangu siku ile silifuti faili linalotumika, bali nalipunguza kwa truncate -s 0. Hata hivyo, usiguse ib_logfile0 ndani ya /var/lib/mysql wala saraka ya pg_wal ya PostgreSQL, hifadhidata nyingine. Jina la ib_logfile0 linafanana na la kumbukumbu za kusoma, lakini hayo mawili ndiyo hifadhidata inayoyategemea kujirekebisha baada ya kuzimika ghafla.

Ikiwa diski imegeuka kuwa ya kusomwa tu, soma dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kiini cha mfumo. Ukikuta makosa ya kusoma au kuandika kwenye diski yenyewe, nakili data kwenye diski nyingine kabla ya kuwaza fsck, amri ya kurekebisha mfumo wa mafaili, ambayo kamwe haiendeshwi kwenye diski inayoandikwa.

Limebaki suala la saa, ambalo mafundi wengi hulisahau. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo imekufa huweza kuamka ikiwa na tarehe ya nyuma, na kama intaneti nayo haijarudi, seva haina pa kuulizia saa sahihi. Vivinjari havitalalamika, kwa kuwa vinafuata saa zao wenyewe, ila seva yenyewe itavikataa vyeti vya usalama vya seva nyingine kwa madai kwamba muda wake haujaanza, na apt update, amri ya kutafuta masasisho ya programu, itagoma vivyo hivyo. Hakiki kwa timedatectl. Tarehe ikiwa si ya leo, izime seva kwa utaratibu, chomoa waya wa umeme, na ubadilishe betri, ambayo kwa kawaida ni CR2032, ile ya duara inayofanana na sarafu. Ukishaiwasha na kurekebisha saa, andika hwclock --systohc ili saa ya ubao wa kompyuta iifuate.