Jinsi ya kuomba bima ya afya ya mwanafunzi Ujerumani

Ukishapata barua ya udahili kutoka chuo cha Ujerumani, shughulika na bima ya afya mapema. Bila uthibitisho wa bima chuo hakikusajili, na ofisi ya uhamiaji haikupi kibali cha ukaazi. Maombi yenyewe ni mepesi. Tatizo ni kwamba ndani yake kuna uamuzi mmoja usiotenguka mpaka umalize masomo, na wengi huufanya wakiwa na uchovu wa safari, pengine bila hata kujua kwamba wameufanya.

Bima ya safari kwanza

Bima ya umma ya mwanafunzi haianzi siku unapotua. Huanza pamoja na mhula: katika vyuo vikuu ni tarehe 1 Oktoba au 1 Aprili, na katika vyuo vya sayansi tumizi ni 1 Septemba au 1 Machi. Ukijisajili chuoni baada ya tarehe hizo, huanza siku ya kujisajili. Kwa hiyo anayefika katikati ya Septemba kusubiri mhula wa Oktoba ana majuma mawili ambayo hakuna anayemlipia hospitali.

Pengo hilo hufunikwa na bima ya safari, na ubalozi nao huidai kwa ajili ya viza. Ianze siku ya kuingia Ujerumani, na uiongezee majuma machache mbele, kwa sababu usajili wa chuo huchelewa mara nyingi. Chagua inayolipa angalau euro 30,000, kiwango kinachotumika kwa viza za Schengen. Bima ya nyumbani Tanzania au Kenya haichukui nafasi yake.

Umma au binafsi: tulia hapa

Ukiwa na umri chini ya miaka 30 na umedahiliwa kusoma shahada, sheria inakuweka kwenye bima ya umma kwa mchango wa mwanafunzi. Kozi ya lugha ya kujiandaa haihesabiki, na wanaosoma uzamivu hawapati mchango huo. Aliyevuka miaka 30 na anatoka nje ya Ulaya mara nyingi hubakiwa na bima binafsi tu.

Bima ya umma hutolewa na mifuko inayoitwa Krankenkasse. Techniker, AOK, Barmer na DAK ni miongoni mwa mikubwa. Mwaka 2025 mchango wa mwanafunzi, pamoja na bima ya uangalizi inayokwenda nayo (ya kuhudumiwa ukishindwa kujitunza mwenyewe), ulikuwa kati ya euro 135 na 150 kwa mwezi kwenye mifuko mingi. Aliyefikisha miaka 23 na hana mtoto hulipa zaidi kidogo. Mfuko haukuulizi kama una pumu, kisukari au selimundu. Mgonjwa na mzima hulipa sawa na hutibiwa sawa.

Hela hiyo ni nyingi kwa mwanafunzi. Ndipo matangazo ya bima binafsi yanapomnasa mtu, maana bei yake huweza kuwa nusu au chini ya nusu. Lakini ili uitumie kusoma, lazima kwanza uombe kuondolewa kwenye wajibu wa bima ya umma. Ombi hilo hupelekwa katika miezi mitatu ya mwanzo, na likishakubaliwa halitenguliwi kwa muda wote wa masomo hayo. Ukigundua mwaka wa pili kwamba mkataba wako haulipii ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kusafiri, au haulipii uzazi, au unataka ulipe mwenyewe kwanza kisha usubiri kurudishiwa, huwezi kurudi bima ya umma kama mwanafunzi. Fikiria mtu mwenye pumu anayekuta dawa yake ya kila mwezi imewekwa kwenye orodha ya yasiyolipiwa. Tofauti ya bei aliyoifurahia Oktoba ataimaliza dukani kwa dawa kabla ya Krismasi.

Ushauri wangu, na nausema kwa uzito wote: kama sheria inakuruhusu kuingia bima ya umma, ingia. Asiyekuwa na budi kuchukua binafsi asome ukurasa wa yasiyolipiwa kabla ya ule wa bei, kisha aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kama mkataba huo unakubalika.

Kujaza maombi

Kuchagua kati ya mifuko ya umma kusikunyime usingizi. Sehemu kubwa ya matibabu imepangwa na sheria, hivyo tofauti ni ndogo: mchango wa nyongeza, huduma chache za ziada, na kama wahudumu wanaongea Kiingereza. Mingi huwaruhusu waombaji kujaza fomu mtandaoni hata kabla ya kusafiri.

Andaa pasipoti, barua ya udahili, picha ya pasipoti na tarehe ya kuanza mhula. Fomu itauliza pia jina la chuo, na wakati mwingine namba yake ya utambulisho, inayoanza na herufi H na hupatikana kwenye maelekezo ya usajili wa chuo. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule. Sisi wa majina matatu huumia hapa: jina la babu likiwa kwenye fomu moja na likakosekana kwenye nyingine, chuo na mfuko hawatakutambua kuwa ni mtu mmoja.

Tangu Januari 2022 uthibitisho hauendi kwa karatasi. Mfuko hutuma chuoni taarifa ya kielektroniki iitwayo M10. Haijitumi yenyewe, uiombe. Andika wazi kwamba unataka M10 ipelekwe chuo fulani kwa mhula fulani. Hata mwenye bima binafsi huhitaji M10, na hutolewa na mfuko wa umma, ikieleza kwamba ameondolewa kwenye wajibu wa bima ya umma au hana wajibu huo. Siku chache baadaye uliza chuo kama imefika. Omba pia cheti cha uanachama kwa ajili ya ofisi ya uhamiaji, maana wao hawaioni M10.

Ukishafika

Sajili anwani yako ofisi ya mji, fungua akaunti ya benki, kisha peleka namba ya akaunti kwenye mfuko ili mchango ukatwe wenyewe kila mwezi. Bandika jina lako kwenye sanduku la barua. Kadi ya bima huja kwa posta, na mpeleka barua asipoona jina lako huirudisha ilikotoka.

Kadi huonyeshwa kwa daktari mara moja kila robo mwaka. Dawa za cheti cha daktari utazichangia kati ya euro 5 na 10, na kulazwa hospitali euro 10 kwa siku, zisizozidi siku 28 kwa mwaka. Usiku au mwisho wa juma, ukiugua lakini si hatari kwa maisha, piga 116117. Dharura ni 112.

Usiache mchango ulimbikizane. Mfuko hukiarifu chuo, na chuo huzuia usajili wa mhula unaofuata mpaka deni liishe. Ukikwama, piga simu mapema uombe kulipa kwa awamu.

Aliyekuja na mwenza au watoto wasio na kipato ana nafuu kubwa kwenye bima ya umma: huingizwa chini ya uanachama wake bila mchango wa ziada. Mfuko utakutumia fomu ya familia, nawe utaambatanisha cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika kisheria, na ni vizuri kuvishughulikia kabla hujaondoka nyumbani.