Mtoto akiumia ugenini: andaa karatasi moja kabla ya siku yenyewe

Tulikuwa na wiki ya saba tangu tuhamie nchi ngeni binti yangu wa miaka sita alipoanguka kutoka kwenye ngazi za uwanja wa michezo. Alitua kwa kiganja. Nilipomfikia, mkono ulikuwa umebonyea juu kidogo ya kifundo, mfano wa uma uliolazwa kifudifudi mezani. Nikatoa simu, na namba ya dharura iliyonijia kichwani ilikuwa ya nchi niliyotoka.

Basi anza na hiyo, leo. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatumia 112. Marekani na Kanada ni 911, Uingereza 999, Australia 000. Nchi nyingine zina pia namba ya ushauri kwa yasiyo ya dharura: Uingereza 111, Ujerumani 116117. Tafuta zako, uziandike kwenye karatasi pamoja na anwani ya nyumba vilevile inavyoandikwa huko, kisha ujizoeze kuitamka anwani hiyo kwa sauti. Ukiwa unatetemeka, hata jina la mtaa wako linapotea.

Gari la wagonjwa liite pale mfupa umetokeza nje ya ngozi, damu haikatiki, mtoto amezimia, ameumia shingo, au amejigonga kichwa na sasa anatapika tapika au anasinzia isivyo kawaida. Vidole vikiwa vya baridi au vimebadilika rangi, hiyo nayo ni dharura. Kwetu vidole vilikuwa na joto na vinacheza, kwa hiyo tulikwenda kwa gari la jirani.

Mkono wenyewe usiuvute, usiukande, usijaribu kuunyoosha. Mimi niliuweka juu ya gazeti nene lililokunjwa, nikaufunga kwa mtandio wangu hadi shingoni, ukae jinsi ulivyokuwa. Barafu ni sawa ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Na usimpe chakula wala maji, hata akilia namna gani, mpaka daktari aseme, maana huenda mfupa ukarudishwa mahali pake akiwa amepewa dawa ya usingizi, na dawa hiyo haitaki tumbo lililojaa.

Hapo ndipo niliposhikwa na kosa la lugha ambalo sikulitarajia kabisa. Nesi aliuliza mtoto alikula lini mara ya mwisho. Alikuwa amekula saa saba mchana. Kichwa changu kikachukua "saba", kikaigeuza neno kwa neno, na nesi akaandika saa moja asubuhi. Saa sita nzima zimeongezeka hewani! Mtaalamu wa usingizi alipouliza tena, mkalimani ndiye aliyenasa. Kwa hiyo usitaje saa, sema ni saa ngapi zimepita: "saa mbili zilizopita." Hiyo haina pa kukosewa.

Tarehe nazo zina mtego wake. Marekani mwezi hutangulia siku, hivyo 04/07 ni Aprili huko na ni Julai kwingine. Kwenye karatasi yako andika mwezi kwa herufi. Majina ya mtoto yaandike kwa mpangilio uleule wa pasipoti. Wangu alisajiliwa mapokezi kwa jina la babu yake, na matokeo ya eksirei yakatafutwa kwa nusu saa.

Vilivyobaki kwenye karatasi ni vichache: uzito wake kwa kilo, kwa sababu dawa za watoto hupimwa kwa uzito, mzio wowote, dawa anazotumia, kama ana selimundu, pumu au kifafa, na chanjo alizopata, hasa ya pepopunda, kwa kuwa wataiulizia kila panapokuwa na kidonda. Piga picha kadi ya kliniki, kila ukurasa. Ya kwetu ilikuwa chini ya sanduku ambalo hatujalifungua.

Sasa mkalimani. Mwombe mapokezi, kabla hujaulizwa kitu kingine chochote, na jifunze sentensi hiyo moja kwa lugha ya huko: "Naomba mkalimani wa Kiswahili." Hospitali nyingi humpata kwa simu. Mimi mwanzoni sikuomba. Kaka yake wa miaka kumi na mmoja alikuwa ameshaanza kuongea ile lugha shuleni, nikamtumia yeye. Akaniambia, "Mama, wamesema watamlaza." Nikaelewa analazwa wodini, nikaanza kupiga simu nani alale na mdogo wao. Walimaanisha watampa dawa ya usingizi kwa muda mfupi tu. Ila kosa la maneno ndilo dogo. Yule mtoto alikuwa amebeba kifuani kazi ya kuniambia habari za dada yake, na usiku ule hakulala. Sitarudia.

Ukishaandikishwa utasubiri. Wanaoitwa ni wenye hali mbaya zaidi, wala si waliotangulia, kwa hiyo usione umebaguliwa kila anapopita mtu aliyefika nyuma yako. Lakini hali ikibadilika, maumivu yakizidi au vidole vikifa ganzi, inuka ukaseme. Anayekaa kimya huonekana anaendelea vizuri.

Kisha yanakuja maswali. Ilikuwaje? Nani alikuwepo? Nilikuwa nimeulizwa na nesi, nikaulizwa na daktari, akaja mwingine akamuuliza binti yangu peke yake. Nilikasirika, nikaona wananifanya mhalifu. Baadaye nikaelewa kwamba katika nchi nyingi sheria inawataka wahudumu watoe taarifa wakihisi mtoto anadhurika, na maswali hayo huulizwa kwa wazazi wote, wenyeji kwa wageni. Kilichoniponza ni mimi mwenyewe. Mara ya kwanza nilisema nilimwona akianguka, nisionekane mama mzembe. Kijana wangu akasema kweli: mama alikuwa anaongea na simu. Nilirekebisha maelezo yangu mbele ya watu wawili wenye kalamu, na uso ulinishuka. Sema ulichoona na ambacho hukuona, basi. Na kama mwanao ana zile alama za kuzaliwa za bluu kiunoni au matakoni, ambazo watoto wengi weusi huzaliwa nazo, omba ziandikwe kwenye faili lake siku ya kawaida ya kliniki, zisije zikadhaniwa ni michubuko.

Fomu ya ridhaa usiisaini kwa aibu. Mkalimani akusomee, nawe uulize: mtafanya nini, kuna hatari gani, na tusipofanya itakuwaje.

Kuhusu pesa sitasema mengi, kila nchi na lake. Uingereza huduma ya idara ya dharura haimtozi mtu, hata mgeni. Gharama zinaweza kuanza akilazwa. Marekani, sheria ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara ya dharura, karibu zote, kumpima mgonjwa na kuituliza hali yake bila kujali uwezo wa kulipa, lakini bili itakufuata nyumbani. Ikija, omba mchanganuo wa kila kitu, na uliza kama kuna msamaha kwa wenye kipato kidogo. Usiitupe kabatini.

Alifungwa hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa, tukarudi usiku. Siku mbili za mwanzo mkono ukae juu ya mto, usizidi kuvimba. Hogo lisilowe, na kijiti cha kujikunia kisiingie ndani. Maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, vidole vikiwa vya baridi, vya ganzi au vimevimba sana, rudi saa hiyohiyo, usingoje miadi. Asipirini usimpe mtoto bila daktari kusema.

Wiki ya tano lilitolewa. Alipoona msumeno alipanda mapajani kwangu akajificha. Mwambie wako mapema kwamba una kelele lakini hauzunguki, unatikisika tu huku na huku, ndiyo maana unakata kitu kigumu na kuiacha ngozi. Nesi aliugusisha kwenye kiganja chake mwenyewe, binti yangu akachungulia kwa jicho moja, akatoa mkono. Hogo alitaka kurudi nalo nyumbani. Liko chini ya kitanda chake, linanuka, na hataki liguswe.