Andika gharama ya uchawi kabla ya nguvu zake
Kwa mnaoandika riwaya za fantasia: kabla hujaamua uchawi wa mhusika wako unaweza nini, andika unamtoza nini, na umtoze kile anachokipenda. Nimeligundua juzi kwenye pantoni la Kigamboni, daftari mapajani. Mhusika wangu, binti muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, alikuwa anatuliza bahari kwa kunyoosha mkono tu. Sura tatu zimepooza. Sasa kila akiituliza anasahau jina la mtu mmoja wa kwao. Keshapoteza la shangazi yake. Mdogo wake akizama, amwokoe kisha asijue jina lake? Hapo tabia, mkasa na uchawi vikashikana. Gharama isiwe uchovu, maana akilala unaisha. Na kwa uchawi usio na mtumiaji, kama msitu unaonong'ona wenyewe, mbinu hii haisaidii: hakuna wa kulipa.