Kupanga kimo cha mashine ya boti: anza na futikamba, maliza majini

Ukipita ufukweni maji yakiwa yamekupwa na boti zimekaa juu ya mchanga, inama nyuma ya kila moja uitazame mashine yake. Nyingi zimening'inia chini mno. Zilipachikwa siku ziliponunuliwa, zikakazwa skrubu mbili za kubana, na tangu siku hiyo hakuna aliyezigusa isipokuwa kubadilisha plagi na kumwaga oili. Sababu kubwa ni hofu ya propela kutoka nje ya maji, hofu ambayo ina msingi wake, lakini mara nyingi hutibiwa kwa dozi iliyozidi.

Mimi mwenyewe niliendesha boti ya faiba ya futi 18 kwa karibu mwaka mzima nikiamini kwamba mashine yangu ya farasi 40 imechoka. Fundi alisafisha kabureta mara mbili, na bado boti ilichelewa kunyanyuka, mkono wa mashine ulikuwa mzito, na aliyekaa nyuma alilowa hata siku ambayo bahari ilikuwa shwari. Nilipopima hatimaye niligundua kwamba mashine imezama sentimita 6 zaidi ya ilivyohitajika.

Kipimo chote huanzia kwenye bapa lililolala juu kidogo ya propela, ambalo hapa nitaliita pleti. Watu wengi husema kazi yake ni kuzuia kavitesheni (viputo vya mvuke vinavyojitokeza kwenye propela), na jina hilo limekwama hata vitabuni, ingawa kwa hakika linachozuia ni hewa ya juu ya maji isivutwe kuingia kwenye propela. Propela ikimeza hewa hukosa cha kushika: mashine hupiga kelele ghafla, mizunguko hupanda, na boti haisogei ipasavyo. Hilo ndilo tatizo la mashine iliyowekwa juu mno, na huandamana na jingine lililo baya zaidi, kwa kuwa matundu ya kuvutia maji ya kupoza yapo kwenye mguu wa mashine, ile sehemu inayoshuka majini na kubeba propela, na yakivuta hewa mashine huchemka. Mashine iliyowekwa chini mno haiungui, na ndiyo maana kosa lake huvumiliwa miaka na miaka. Mguu mnene unaoburutwa majini hula mafuta, hupunguza mwendo, hurusha manyunyu juu ya ubao wa nyuma, ule mashine inapopachikwa, na huzidisha uwezekano wa kugonga mwamba au tumbawe mahali penye maji haba.

Kanuni ya kuanzia kwa boti yenye kitako kinachoteleza juu ya maji ni kwamba pleti iwe sawa na kitako cha boti, yaani upande wake wa chini, au chini yake kwa kiasi kisichozidi milimita 25. Nasema ya kuanzia kwa sababu boti mbili za kalibu moja zinaweza kutofautiana, hasa kama moja hubeba nyavu na barafu nyuma na nyingine hubeba watu wanaokaa mbele.

Ili upime vizuri, subiri boti ikae juu ya mchanga mgumu au iweke juu ya magogo, kisha iegemeze ili isilale ubavu. Ishushe mashine hadi mguu usimame wima kabisa. Mashine iliyoinama kidogo tu hukupa kipimo cha uongo. Chukua ubao ulionyooka, au pimamaji ndefu ya fundi mwashi, uuegemeze chini ya kitako katikati ya boti, pale ambapo kitako ni cha chini kabisa, na uuache utokeze nyuma mpaka upite kandokando ya mguu wa mashine. Kisha pima wima kutoka ukingo wa juu wa ubao hadi kwenye pleti. Fanya hivyo mara mbili, upande wa kulia na wa kushoto. Vipimo vikitofautiana, mashine yako imekaa upande, na hilo lirekebishwe kwanza.

Kabla hujanunua mashine, kipimo cha kutafuta ni kimo cha ubao wa nyuma, kuanzia ukingo wake wa juu hadi chini ya kitako, katikati. Mashine zenye mguu mfupi hutengenezwa kwa ubao wa takriban sentimita 38, yaani inchi 15. Za mguu mrefu kwa sentimita 51, yaani inchi 20. Na zipo za mguu mrefu zaidi kwa inchi 25. Miguu yenyewe huzidi kidogo vipimo hivyo kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo usitegemee maneno ya muuzaji: pima mwenyewe, kuanzia chini ya mabano yanayokalia ubao hadi kwenye pleti. Kwa mashine iliyotumika, ambayo huenda imebadilishiwa mguu na mtu usiyemjua, hatua hii si ya kuruka.

Tuchukue mfano. Ubao wa nyuma una sentimita 47, na mguu wa mashine, kutoka mabano hadi pleti, una sentimita 52. Pleti itakuwa sentimita 5 chini ya kitako, nayo ni nyingi. Ukiweka kipande cha mbao ngumu chenye unene wa sentimita 3 juu ya ukingo wa ubao, mashine itapanda na pleti itabaki sentimita 2 chini ya kitako, mahali pazuri pa kuanzia majaribio. Mninga au mvule hufaa. Usitumie mbao laini, kwa sababu husinyaa na kuachia skrubu. Angalia jambo moja kwa makini sana: skrubu za kubana zinapopanda pamoja na mashine, sahani zake ndogo za mwisho lazima ziendelee kubana ubao wenyewe, si kile kipande ulichoongeza. Mashine inayobana kipande peke yake inaweza kung'oka nacho siku ya mawimbi. Ikiwa unahitaji kuinua zaidi ya sentimita 4 hivi, ni afadhali fundi auongeze ubao wa nyuma kwa kuuunga ndani na nje, au ununue mabano maalumu ya kuinulia. Mashine kubwa zina safu ya matundu ya bolti kwenye mabano, na kuzihamisha ni kushuka au kupanda tundu moja, ambalo kwa kawaida ni takriban milimita 19.

Usitoboe lolote kabla ya kujaribu majini. Funga mashine kwa mnyororo au kamba imara kwenye pete iliyo ndani ya boti, jifunge kamba ya kuzimia, ile inayozima mashine ukianguka, na utoke asubuhi kabla upepo haujaamka, ukiwa na mzigo na watu kama wa siku ya kazi. Boti tupu itakudanganya. Ikishanyanyuka na kuteleza, mtu mwingine aangalie nyuma kwa uangalifu: pleti inapaswa kuonekana ikiwa sawa na uso wa maji, maji membamba yakipita juu yake. Ikiwa imefunikwa kabisa na maji yanapanda mguuni kama chemchemi, bado iko chini. Pima mwendo kwa GPS ya simu, uende na urudi njia ileile ili mkondo usikuharibie hesabu, na uandike. Kisha inua milimita 10 au tundu moja, na urudie.

Utafika mahali ambapo boti inaenda vizuri ukiwa umenyooka, lakini ukikata kona kali mashine inanguruma na propela inakosa cha kushika. Hapo umevuka mpaka. Shuka hatua moja. Jambo la pili la kutazama ni ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine. Ukidhoofika au kukatikakatika kwa mwendo wa kasi, shuka hata kama kona hazina tatizo, kwani hakuna kilomita mbili za ziada zinazolipa injini iliyoungua. Angalia pia pembe ya mashine: pini ya kuinamishia ikiwa kwenye tundu lisilofaa, omo, yaani mbele ya boti, itapandapanda au itazama, nawe utalaumu kimo bure. Boti ikiwa inateleza, pleti iwe sambamba na kitako.

Mashua, dau na mitumbwi ya mbao isiyoteleza juu ya maji ina hesabu nyingine. Hapo kuinua hakuleti faida kubwa, na tezi, yaani nyuma ya chombo, hupanda na kushuka kwa kila wimbi, kwa hiyo iache pleti sentimita 3 hadi 5 chini ya kitako. Ikiwa mkuku, ule uti wa mbao ulio chini ya chombo, unafika hadi nyuma kabisa, maji yanayofika kwenye propela huwa yamevurugika na kuchanganyika na hewa. Mwambie fundi auchonge ncha ya mkuku iwe nyembamba kuelekea tezini badala ya kuishia kama ukuta. Kinyume chake, mashine iliyowekwa kwenye mabano yaliyo mbali nyuma ya boti inayoteleza hupandishwa, kwa kuwa maji yanayotoka chini ya kitako huinuka: takriban milimita 25 kwa kila sentimita 30 za umbali.

Ukishapata kimo chako, toboa matundu ya bolti za kupitiliza, yajaze gundi ya kuzuia maji ya baharini, na utumie bolti za chuma cha pua zenye washa pana kwa ndani. Tundu lisilozibwa huingiza maji katikati ya ubao, na katika boti ya faiba huwezi kuona mbao ikioza ndani. Baada ya wiki moja ya kazi kaza nati tena, maana mbao hubonyea, kisha pima upya umbali wa pleti na kitako uulinganishe na ule ulioandika.