Diski ya Windows ikigoma kuandikwa ndani ya Linux

Habari za jioni wakuu. Juzi kijana wa chuo alinijia hapa Ng'hong'hona, Dodoma, na laptopu yenye Windows na Ubuntu (aina ya Linux). Ripoti yake iko kwenye diski D. Anaifungua, anaisoma, akihifadhi inakataa. Alishapiga `sudo chmod -R 777`, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, mara tatu, amri inapita kimya na hakuna kinachobadilika. Ndivyo ilivyo ntfs-3g, programu ya Linux ya kusoma na kuandika diski za Windows: kwa kawaida inaipokea chmod, inaitupa, wala haikwambii.

Kabla ya kugusa chochote, jueni haya ni magonjwa mawili yenye dalili moja. Ingia kwenye diski husika kwa terminal, andika amri hii ya kutengeneza faili tupu:

`touch jaribio`

Soma jibu. `Read-only file system` maana yake diski nzima imefungwa. `Permission denied` maana yake diski iko wazi ila wewe siye mwenye mali.

Diski imefungwa

Mara nyingi mchawi ni Fast Startup, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Ukibonyeza Shut down, Windows haizimiki kabisa. Inasinzia na kuacha kumbukumbu zake kwenye diski. Linux ikikuta hivyo inakataa kuandika, na ina haki. Rudi Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi:

`powercfg /h off`

`chkdsk D: /f`

Ya kwanza inazima Fast Startup, ya pili inakagua diski na kuirekebisha. Kisha zima. Kama una haraka, chagua Restart badala ya Shut down, maana Restart huzima kikamilifu, halafu uingie Ubuntu. Umeme ukikatika na betri yako imekufa (wa Dodoma mnanielewa), diski hubaki na alama ya uchafu, yaani kwamba haikufungwa vizuri. Hiyo chkdsk huiondoa.

Diski iko wazi, wewe huna ruhusa

Huu ndio uliokuwa wa yule kijana. Alinakili kwa rafiki mstari wa fstab (faili linaloiambia Linux diski zipi izifungue ikiwaka), una `umask=022` (ruhusa za mafaili) lakini hauna uid (namba ya mtumiaji), kwa hiyo kila faili likawa la root, yaani msimamizi mkuu. Kwenye NTFS, mpangilio wa diski za Windows, mwenye mali hutajwa wakati wa kumaunti, yaani kuiunganisha diski na folda. Andika `id` uone namba yako, mara nyingi 1000. Andika `sudo blkid` upate UUID, yaani kitambulisho cha partishoni (kipande cha diski) yako. Tengeneza folda kwa `sudo mkdir -p /mnt/kazi`, halafu ndani ya /etc/fstab weka mstari mmoja:

`UUID=namba-yako /mnt/kazi ntfs-3g uid=1000,gid=1000,umask=022,nofail 0 0`

Usiisahau `nofail`. Bila hiyo, siku diski isipoonekana kompyuta inaweza kugoma kuwaka vizuri. Iondoe diski kwa `sudo umount` ukifuatisha jina la partishoni (mfano /dev/sda2), kisha `sudo mount -a`. Ikilalamika, rekebisha kabla ya kuwasha upya. Yule kijana alihifadhi ripoti yake hapo hapo, chai yangu haijapoa.

Maswali

*Mkuu, niko Kondoa. Windows yangu ilishakufa, nimebaki na Ubuntu tu. Hiyo chkdsk naipata wapi?*

Pole ndugu yangu. Iondoe diski kwanza kwa `sudo umount` kama hapo juu, kisha `sudo ntfsfix -d /dev/sda2`, ukiweka jina la partishoni yako unaloliona kwenye `lsblk -f`. Inafuta alama ya uchafu na kurekebisha makosa madogo tu, haifikii chkdsk. Ukiweza, ichomeke kwenye Windows ya jirani.

*Kaka, kuna mahali wanasema nitumie remove_hiberfile wakati wa kumaunti. Ni salama?*

Inafanya kazi, dada, lakini inafuta kikao cha Windows kilicholala. Kama uliacha kazi wazi bila kuihifadhi, imekwenda. Mimi huitumia Windows ikishindwa kuwaka tu.

*Na flashi je? Yangu nayo inagoma.*

Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT. Uid na umask zinafanya kazi vilevile. Kama ni kadi ya kamera yenye adapta, kabla ya amri yoyote tazama kiswichi kidogo cha ubavuni kinachoifunga isiandikwe. Mimi kiliwahi kunipotezea saa nzima.