Pikapu aktivu au pasivu kwenye gitaa la umeme? Anza na kitasa cha volyumu

Pikapu ni kile kifaa kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, aktivu inahitaji betri, pasivu haihitaji. Swali la kuchagua ipi watu hulijibu harakaharaka, unapiga metali chukua aktivu, unapiga bluzi chukua pasivu, kwisha. Si uongo sana ila halikusaidii kuchagua, maana David Gilmour wa Pink Floyd alipiga miaka mingi na pikapu aktivu za kampuni ya EMG kwenye ile Stratocaster yake nyekundu na hakuna mtu anayeiita sauti ile ya metali, na upande wa pili wapo wapigaji kibao wa muziki mzito ambao hawajawahi kuweka betri ndani ya gitaa. Aina ya muziki iache kwanza. Angalia unavyotumia kitasa cha volyumu.

Kama gitaa lako la sasa lina pasivu, na mengi ndivyo yalivyo, fanya jaribio hili kabla hujatoa hela yoyote. Washa amplifaya, weka distoshoni (ule mkwaruzo mzito wa sauti) ya wastani, fungua volyumu ya gitaa mpaka mwisho upige kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Halafu shusha volyumu mpaka nusu hivi, piga kodi ileile kwa nguvu ileile. Utasikia distoshoni imepungua, sauti imesafika, na ule ukali wa juu nao umefifia kidogo. Sasa jiulize, hicho kitu unakitumia? Kuna watu wanapiga wimbo mzima hawagusi pedali (vile visanduku vya kubadilisha sauti vinavyokanyagwa kwa mguu), beti wanashusha, kiitikio wanafungua, solo wanamaliza yote, kila kitu kinatoka kwenye kidole kimoja. Kama ni wewe, baki na pasivu. Kama volyumu yako iko 10 toka asubuhi mpaka jioni na sauti unabadilisha kwa miguu, basi aktivu hazitakunyima kitu kikubwa.

Kwa nini iko hivyo? Pikapu pasivu ni sumaku na koili ya waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, uzi ukitikisika juu ya sumaku umeme mdogo unazaliwa kwenye koili na unaenda moja kwa moja kwenye vitasa, kebo, mpaka amplifaya. Hakuna msaada njiani. Kwa hiyo kitasa, kebo na hata amplifaya vyote vinaivuta ile sauti na kuibadilisha, ndo maana pasivu inajibu kila unachogusa. Aktivu nayo ina sumaku na koili, ila waya ni mizunguko michache zaidi, koili yenyewe inatoa umeme dhaifu, halafu kuna priampu, yaani kikuza umeme kidogo humohumo ndani, kinachokula betri ya volti 9 na kuukuza umeme huo. Ikitoka pale sauti imeshasimama imara, haivutwi ovyo. Ukishusha volyumu inapungua tu, rangi yake inabaki karibu ileile. Watu wanasema aktivu zina nguvu zaidi, lakini ziko pasivu zenye sauti kubwa kuliko baadhi ya aktivu, kwa hiyo usinunue kwa sababu ya ukubwa wa sauti peke yake.

Kitu cha pili ni kebo. Kila mita ya kebo inakula kidogo ule ukali wa juu wa pasivu, mita 3 hutasikia sana, lakini unganisha kebo ya mita 6, pedali kadhaa, kisha mita nyingine 6 kwenda kwa amplifaya na utaona gitaa limefunikwa kama na blanketi. Aktivu haijali. Ila kabla hujabadilisha pikapu kwa ajili ya hili jaribu kuweka pedali ya bafa, inayoimarisha umeme wa gitaa, mwanzoni mwa mnyororo wa pedali, inafanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo na gitaa lako linabaki lilivyo. Tahadhari moja, pedali za fazi (aina ya distoshoni yenye mkwaruzo mzito) za mtindo wa zamani zinapenda kukutana na pikapu pasivu uso kwa uso, ukiziwekea bafa au aktivu mbele zinakuwa kali na za kukwaruza, kwa hiyo fazi iwe ya kwanza na bafa ifuate.

Kuhusu mngurumo wa umeme, singo koili pasivu, yaani zenye koili moja, ndio zinaongoza kwa kelele, pikapu ya hambaka ina koili mbili zilizopangwa kinyume zinazofutiana mngurumo, na aktivu nyingi ziko kimya kabisa. Ukirekodi karibu na kompyuta na taa nyingi, ukimya huo una thamani kubwa. Lakini ule mvumo wa shhh unaotoka kwenye amplifaya iliyojazwa distoshoni hauzimwi na pikapu yoyote.

Ukishaamua kuhama, pima kwanza nafasi. Betri ya volti 9 ina urefu wa milimita 48 hivi, upana 26 na unene 17, na magitaa mengi hayana tundu lake, kwa hiyo fungua kifuniko cha nyuma uangalie kabla hujaagiza. Vitasa navyo vinabadilika, aktivu nyingi zinataka vitasa vya ukinzani wa kiloomu 25 wakati hambaka pasivu kwa kawaida ni 500 na singo koili 250. Usirithi vitasa vya zamani! Aktivu kwenye 500 volyumu inakuwa kama swichi ya taa, iko au haiko, na pasivu kwenye 25 inazibwa mdomo kabisa. Kuchanganya aktivu moja na pasivu moja kwenye gitaa moja inawezekana lakini vitasa havitaziridhisha zote mbili, mi sikushauri kama ndo mara yako ya kwanza kushika chuma cha kulehemu.

Na kama unachokichukia ni sauti tu, labda nyembamba au ina matope, chukua bisibisi kwanza. Shusha pikapu mbali na nyuzi kidogo, nusu zamu ya skrubu kila upande, sikiliza, endelea. Pasivu yenye sumaku kali ikikaa karibu mno na nyuzi inazivuta, noti zinakufa mapema na tyuning inayumba. Dakika 10 tu hizo, na mara nyingi hamu ya kununua inaisha hapo.

Mwisho betri, na hili nalisema kwa uchungu maana liliwahi kunikuta katikati ya onyesho, sauti ikaanza kukatika na kukwaruza nikadhani ni kebo. Gitaa aktivu linawaka pale unapochomeka kebo kwenye jeki, si unapowasha amplifaya, kwa hiyo ukiliacha limechomekwa usiku kucha linakula betri usiku kucha. Ukimaliza kupiga chomoa. Weka betri mpya kwenye mfuko wa gitaa pamoja na bisibisi ya kifuniko, na ukisikia sauti imekuwa nyembamba yenye mikwaruzo hata kwenye noti za taratibu, badilisha betri kabla hujaanza kufungua kitu kingine chochote.